Maziwa ya ukweni yalivyoniumbua Masakta

Aibu ziko za aina nyingi hapa duniani, lakini ile ya kutoka mbio kwenye kikao cha ukweni, mbele ya baba mkwe na wazee wake, huku umeshika mkanda wa suruali, hiyo usiombe ikukute. Mimi ilinikuta. Ilinikuta Masakta, wilayani Hanang, mkoani Manyara, mwezi wa saba mwaka jana. Leo nasimulia bila kuficha, maana kumbe aibu ile ndiyo iliyonifungua macho baada ya miaka sita ya kuhangaika.

Nianzie mbali kidogo ili tuelewane.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Kwetu chai ni ya rangi, ugali ni wa muhogo, mboga ni kisamvu, mbaazi au samaki mkavu. Ng'ombe tulikuwa tunamwona Krismasi, tena akiwa ameshachinjwa. Nilipokuja Dar kutafuta maisha nikiwa na miaka 20 ndipo nikaujua ustaarabu wa mjini: asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili kwa mama ntilie, jioni mfuko ukiruhusu, maziwa baridi na keki. Nikajiona nimeukata.

Haikupita miezi mingi tumbo likaanza vituko. Nikishakunywa chai yangu, kabla ya saa nne tumbo limeshajaa kama ngoma ya mdundiko, linanguruma mpaka jirani kwenye daladala anageuka kuniangalia. Halafu gesi. Halafu mbio. Kuna siku linatulia kabisa, najisemea nimepona. Kesho yake mchezo ni ule ule.

Miaka sita, ndugu yangu! Dawa nilizomeza zingetosha kufungulia duka. Pa kwanza niliambiwa amiba, nikameza. Pa pili nikaambiwa taifodi, tena "imekomaa", nikachomwa sindano. Pa tatu minyoo. Pa nne nikamkuta bwana mmoja ambaye alinibonyeza tumbo mara moja tu, bila kipimo chochote, akatoa hukumu: vidonda vya tumbo. Acha pilipili, acha maharage, acha mawazo, na kila usiku kunywa glasi ya maziwa baridi ili yapoze vidonda. Nikatii kama mwanajeshi. Usiku ule sikulala. Niliporudi kumweleza, akasema niongeze maziwa!

Mama kule Masasi yeye alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hapo kuna mkono wa mtu." Washikaji wa kijiweni walisema ni ubachela, nikioa litakwisha. Na mimi kimoyomoyo nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Mjomba wangu alifariki kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuna aliyewahi kuutaja jina. Kwa hiyo kila nikikimbilia chooni nilikuwa nahesabu siku. Hata mwenzangu nilimficha. Miaka miwili ya uchumba nilikuwa natafuta visingizio vya kuahirisha posa, yeye akidhani nina mwingine pembeni, kumbe mimi naogopa kumwachia ujane.

SAFARI YA POSA

Mwenzangu ni Mmbulu, au kama wanavyojiita wenyewe, Mwiraqw. Uvumilivu ulipomwishia akaniambia waziwazi: mwaka huu unakwenda kwetu au tuachane kwa amani. Nikatuma barua. Wazee wakajibu kwamba barua wameiona, sasa wanataka kumwona kijana mwenyewe. Nikamchukua mshenga wangu, mzee mmoja wa mtaani anayeheshimika, tukapanda basi pale Mbezi alfajiri, mwenzangu akiwa ameshatutangulia wiki moja.

Njia ya Dodoma, Kondoa hadi Babati siku hizi ni lami tupu, raha mustarehe. Lakini tulipopumzika Dodoma nikafanya kosa langu la kila siku: chai ya maziwa ya moto, kikombe kikubwa. Kabla hatujafika Kondoa nikawa nimeshasimama mara mbili kumwomba konda tukachimbe dawa. Mara ya tatu dereva hakuuliza tena, alinitazama kwenye kioo akapunguza mwendo mwenyewe. Basi zima lilikuwa linanijua.

Tukalala Babati. Asubuhi tukashika barabara ya Singida kuelekea Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Hapo ndipo unapokutana na mlima wenyewe. Hanang unapita mita 3,400, na unasimama peke yake pale uwandani kama mzee aliyekataa kuhama na wenzake. Popote utakapokwenda wilayani humo unauona, asubuhi umevaa kofia ya wingu, mchana umeivua. Ukitazama ubavu wake unakumbuka pia kwamba mlima huo huo, tarehe 3 Desemba 2023, ulishusha tope, magogo na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Wenyeji wanausema kwa sauti ya chini, nasi tukanyamaza.

Jambo lingine lililonishangaza ni ngano. Kijana wa mjini anajua ngano inatoka dukani kwenye mfuko. Huku Hanang, kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali la NAFCO kwa msaada wa Kanada lililima mashamba makubwa ya ngano ya maelfu na maelfu ya ekari, matrekta yanapishana. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, ambao walifika hadi mahakamani kuidai. Kwa hiyo chapati zangu mbili za asubuhi zilikuwa na historia ambayo mama ntilie hakuwahi kunisimulia: ng'ombe walisogezwa ili mjini tule mkate.

Kutoka Katesh tukachukua bodaboda mbili hadi Masakta. Vumbi, upepo wa baridi unaokata masikio, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na makundi ya ng'ombe yanayokatisha njia bila haraka, bodaboda ndiye anayesubiri. Tulipishana na akina mama wa Kibarbaig wenye bangili za shaba mkononi na vijana wao wenye fimbo ndefu. Nilikuwa nimezoea kuwasikia wakiitwa Wamang'ati. Dereva wangu akanikanya kwa upole: "Kaka, hilo jina usilitumie huku. Ni la Wamasai hilo, maana yake ni adui." Nikashukuru. Ukweni ukiokolewa mapema ni bahati.

KIKOMBE CHA NUSU LITA

Tulipokelewa vizuri mno. Baba mkwe, mtu mrefu mkavu mwenye koti la sufu, akatushika mikono kwa mikono yake miwili. Mama mkwe akatuuliza habari za safari, za Dar, za Masasi, za watu wote hata ambao hatuwajui. Bibi mzaa baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, shuka begani, ananitazama tu kama anayepima ng'ombe mnadani.

Halafu yakaja maziwa.

Msomaji, sisi watu wa kusini hatuelewi jambo hili vizuri. Kwa wafugaji, maziwa anayopewa mgeni si kinywaji tu, ni neno. Ndiyo kusema umekaribishwa, ng'ombe wetu ni wako, kaa. Mama mkwe aliyaleta yamechemshwa, bado yanafuka moshi, mafuta ya njano yanaelea juu, ndani ya kikombe cha bati ambacho kwa hesabu yangu kilikuwa nusu lita kasoro kidogo. Ng'ombe alikamuliwa asubuhi ile ile kwa ajili yetu.

Mshenga wangu, mtu mzima na dunia yake, akanusa hatari. "Mama, nashukuru sana, lakini nina kisukari, daktari kanikataza." Muongo mkubwa! Njiani alikuwa amekunywa soda tatu. Nikabaki mimi, na macho yote kwangu. Ningesemaje? Kijana anakuja kuomba binti wa wafugaji halafu anakataa maziwa yao? Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ananiangalia kwa furaha ambayo sijawahi kuiona. Nikanyanyua kikombe. Nikanywa mpaka chini. Wazee wakacheka kwa kuridhika, na mama mkwe akajaza tena.

Kikao kikaanza. Mshenga akaanza maneno yake matamu, mzee mmoja wa upande wa pili akajibu, mambo yanakwenda kwa utaratibu. Ilikuwa kama saa moja na nusu hivi baadaye nilipoanza kusikia ngoma. Mwanzo kwa mbali. Halafu karibu. Nikabana. Nikabadilisha kukaa. Jasho jembamba likanitoka na lile baridi lote. Baba mkwe alikuwa anauliza swali zito kabisa la siku ile, "Kijana, binti yetu ukimchukua utamweka wapi?", na mimi ndio kwanza nikasimama, nikasema "Samahani baba", nikatoka mbio.

Choo kilikuwa nyuma ya zizi. Sitaeleza zaidi. Niseme tu kwamba mbwa wa pale walinisindikiza kwa kelele, na kwamba nilirudi kikaoni, nikajibu nusu ya swali, nikatoka tena. Usiku nilitoka mara nne, tochi mkononi, baridi ya Hanang inaniuma hadi kwenye mifupa, fisi wanalia huko mbali. Katika safari ya tatu nilikaa juu ya jiwe nikatazama ule mlima mweusi chini ya nyota nikajiambia: basi, bwana. Kesho namwambia ukweli wote, naondoka, nikafie kwetu.

BIBI NA KIBUYU CHAKE

Asubuhi nilimkuta bibi amekaa pale pale mlangoni. Akamwita mjukuu wake, akamwambia maneno kwa Kiiraqw, mwenzangu akanitafsiria huku aibu imemjaa: "Bibi anauliza, kwenu mna ng'ombe?"

Nikasema hatuna. Kwetu mbung'o walikuwa wengi, ng'ombe hawakukaa.

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Akaagiza kibuyu. Kilikuwa cheusi kwa moshi, shingo imefungwa kwa ngozi, na kilipofunguliwa kikatoa harufu ya uchachu na ya mkaa. Akamimina kwenye kikombe maziwa mgando mazito kama uji. "Kunywa haya. Yale mengine waachie ndama."

Nilisita, si utani. Lakini bibi hakataliwi. Nikanywa kikombe kidogo, nikakaa nasubiri kifo. Saa nne ikapita. Saa sita. Nikala ugali kwa mgando ule ule mchana. Saa tisa. Tumbo kimya kama maji ya mtungini. Jioni nikaletewa tena, nikanywa kwa uroho. Usiku ule nililala hadi jogoo akawika, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Siku ya tatu akaja shemeji yangu, kaka yake mwenzangu, ambaye ni tabibu kwenye wilaya ya jirani. Nikaona sasa ni wakati. Nikamsimulia miaka yangu sita yote, na mjomba, na hofu yangu. Mwenzangu alikuwa pale, naye akasikia kwa mara ya kwanza kwa nini posa ilichelewa. Hakusema kitu, alinifinya mkono tu, kwa nguvu, nadhani nusu ni huruma na nusu ni adhabu.

Shemeji akaniuliza maswali mengi kabla ya kusema lolote. Umepungua uzito? Hapana. Umewahi kuona damu chooni? Hapana. Homa? Tumbo linakuamsha usingizini siku ambazo hujanywa maziwa? Nikawaza. Kwa kweli, hapana. Ukiwa Masasi kwa likizo, tumbo linakusumbua? Nikafungua mdomo, nikaufumba. Sijawahi kuumwa tumbo Masasi! Mama ndiye aliyekuwa akisema ni kwa sababu wachawi wa Dar hawafiki kule.

"Shemeji," akasema anacheka, "wewe huumwi. Wewe ni mtu mzima wa kawaida, na unakunywa chakula cha mtoto."

SOMO LA CHINI YA MTI

Alinieleza hivi. Ndani ya maziwa mna sukari yake, inaitwa laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba unatoa kimeng'enya kiitwacho laktezi ambacho kinaikata vipande viwili. Mtoto mchanga anacho kingi. Lakini kwa watu wengi duniani, kama wawili katika kila watatu, kimeng'enya hicho kinapungua mtoto akishaacha ziwa. Basi ukinywa maziwa ukubwani, ile sukari inapita nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria wanaifanyia sherehe: wanaichachua, gesi inatoka, maji yanavutwa ndani, na wewe unatafuta mlango. Kuyachemsha hakusaidii, laktosi haiondoki kwa moto. Maziwa ya mbuzi nayo yanayo, na ya unga vilevile.

Mgando je? Mgando umeshachachuliwa kibuyuni. Bakteria wa humo wamekwishakula sehemu ya sukari ile kabla yako, na wanaoingia tumboni wanaendelea na kazi hiyo. Ndiyo maana bibi, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, alinitibu kwa kuniangalia tu ninavyokimbia.

"Sasa nyie mbona mnakunywa mabichi na hamkimbii?" nikauliza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niitazame Masakta kwa jicho jingine, na niliporudi Dar nikalitafuta nikalisoma mwenyewe. Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, akishirikiana na wenzake akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili. Walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwemo Wairaqw na Wadatoga. Kipimo chenyewe ni rahisi kusikia: unapewa maji yenye gramu 50 za laktosi, halafu unapimwa sukari ya damu kila baada ya muda. Ikipanda, tumbo lako limeikata ile sukari. Isipopanda, wewe ni mwenzangu. Wakakuta kwamba wengi wa wafugaji wa upande wetu huu wana badiliko dogo la vinasaba linalokiacha kimeng'enya kifanye kazi ukubwani, na kwamba badiliko hilo si lile la Wazungu. Lilizuka lenyewe huku Afrika na kusambaa ndani ya miaka kama 7,000 iliyopita, kwa sababu aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame alipona na kuzaa.

Lakini utamu uko hapa. Juu ya nyanda za Mbulu, mkoani Manyara humo humo, kuna mahali panaitwa Luxmanda, ambapo wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua makazi ya wafugaji ya miaka kama 3,000 iliyopita. Mwaka 2019 jarida la Science likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengi wao wafugaji. Unajua wangapi walikutwa na lile badiliko la kunywa maziwa? Mmoja! Mtu aliyezikwa kwenye pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, miaka kama 2,000 iliyopita. Na mwaka 2020 vigae vya vyungu vya wafugaji wa zama hizo vikapimwa, vikakutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa.

Unaona mambo hayo? Watu wale walikuwa na ng'ombe, maziwa walikuwa wanayatumia, na matumbo yao mengi yalikuwa kama langu. Waliishije? Wataalamu wanadhani ni kwa kuyachachua kwanza. Nami nimekiona kibuyu, nasema wanadhani sawasawa. Kwa hiyo tumbo langu si bovu wala halikurogwa. Ni tumbo la zamani, lililoingia kwenye chai ya mjini bila kibuyu.

NILIVYOHAKIKISHA

Shemeji alinikanya nisiishie kwenye hadithi. Niliporudi Dar nilikwenda kwa daktari, nikapimwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, wale ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliwagundua na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sikuwa nao. Maana yake vidonda nilivyovilea kwa maziwa miaka yote ile huenda havikuwahi kuwepo. Na hata kama vingekuwepo, maziwa si dawa yake, yanapoza kidogo halafu tumbo linamwaga asidi zaidi. Dawa ni ya kuua bakteria hao, na inatolewa baada ya kupima.

Kisha nikafanya jaribio la daftari. Kwa wiki mbili sikugusa maziwa kabisa: chai ya rangi, hakuna aisikrimu, hakuna maziwa ya unga. Kila nilichokula na kila tumbo lilivyojibu nikaandika, tarehe na saa. Siku kumi na nne, ukurasa wa mbio ulikuwa mtupu. Siku ya kumi na tano nikanywa glasi moja ya maziwa makusudi, siku ya mapumziko, nikiwa nyumbani. Ngoma ikalia. Kwisha maneno.

Ewe unayesoma huku umeshika tumbo kwenye daladala, nami nikuachie machache. Usijipe hukumu mwenyewe, na usikubali hukumu ya kubonyezwa mara moja. Kile kipimo cha taifodi cha haraka kiitwacho Widal kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo mara nyingi, uliza kama kuna kipimo kingine. Ukiona damu chooni, ukipungua uzito bila sababu, ukipata homa, upungufu wa damu, au tumbo likikuamsha usiku, hilo si la daftari, ni la hospitali leo hii. Ukihisi ni chapati na mikate, usiache ngano kwanza: upo ugonjwa wa seliaki ambao kipimo chake kinahitaji uwe bado unakula ngano. Na mzio wa maziwa ni kitu kingine kabisa. Mtu akivimba midomo au kukosa pumzi baada ya maziwa, huyo hajaribiwi kwa glasi.

Tena wengi wetu hatuhitaji kuyaacha kabisa. Glasi moja ina laktosi kama gramu 12, na wapo wanaoiweza wakiinywa pamoja na chakula. Samli karibu haina kitu. Mtindi mzuri unakaa. Ila mgando wa kienyeji uliotokana na maziwa mabichi una hatari ya brusela na kifua kikuu, ndiyo maana kwa mama mkwe wanachemsha kwanza, yanapoa, ndipo yanaingia kibuyuni.

Siku ya kuaga Masakta, baba mkwe alitukalisha tena ili amalizie lile swali nililolikimbia. Safari hii nilijibu hadi mwisho, kwamba nitamweka Dar, chumba na sebule, na mengine Mungu atajalia. Nikaongeza kuwa niliogopa kuja kwa sababu nilidhani ninakufa. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kijana, mtu akija na maradhi yake tunayaona. Tulichokuwa tunaogopa ni mtu anayeficha. Ng'ombe tutazungumza. Maziwa yake wewe utakunywa kesho yake."

Bibi akanipa kibuyu kidogo. Mshenga, mwenye kisukari cha uongo, alikipakata kwenye basi mpaka Mbezi, na Dodoma tuliposhuka kula alikuwa wa kwanza kuniagizia: "Huyu chai ya rangi."